Nain Singh na hatua zake: kwa wapima ardhi mnaoanza kazi

Ninyi mliotoka chuoni juzi na tayari mnaamini kila namba inayosomeka kwenye GPS, mjueni kwanza Nain Singh. Alizaliwa mwaka 1830 katika kijiji cha Milam, kwenye milima ya Himalaya upande wa India. Alikuwa mwalimu wa shule hadi mwaka 1863, idara ya upimaji ya Waingereza ilipomchukua na kumfunza kazi mjini Dehradun. Tibet ilikuwa imewafungia Wazungu milango, basi akatumwa yeye, na mwanzoni mwa 1866 akaingia Lhasa, mji mkuu wa Tibet.

Somo lake la kwanza lilikuwa kutembea. Alizoezwa mpaka hatua yake ikawa na urefu uleule, awe anapanda au anashuka: hatua 2,000 kwa maili moja, kama kilomita 1.6. Tasbihi za Wabuddha huwa na punje 108, ila yake ilikuwa na 100. Kila hatua ya mia alisogeza punje moja, na aliyepishana naye njiani alimwona hujaji anayesali.

Nanyi kijueni kifaa chenu namna hiyo. Kabla ya kwenda saiti, kijaribuni kwenye umbali unaojulikana. Prizimu, yaani kioo kinachorudisha mwanga kwenye mashine ya kupimia umbali, ikiwekewa namba ya marekebisho isiyo yake inaweza kupotosha kila umbali kwa sentimita tatu, na mashine haitakwambia lolote.

Ninachomheshimia zaidi ni kwamba hakuziachia hatua zake za miguu kazi yote. Alibeba zebaki ndani ya makombe ya kauri yaliyozibwa. Usiku aliimimina kwenye bakuli, ikatulia sawasawa kama kioo, kisha kwa sekstanti akapima pembe kati ya nyota na taswira yake kwenye zebaki. Nusu ya pembe hiyo ni kimo cha nyota juu ya upeo wa macho, na kutoka hapo hupatikana latitudo. Mwinuko wa mahali aliupata kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, maana kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Hivyo nyota zilizikagua hatua, nazo hazikutegemea hatua hata kidogo.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Ukirudia kupima bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, kutoka kituo kilekile ulichokiweka vibaya, majibu yatalingana vizuri sana na yote yatakuwa si sahihi. Anzia kituo kinachojulikana, malizia kwenye kingine kinachojulikana pia.

Vipimo aliviandika akiwa njiani, karatasi akazificha ndani ya gurudumu la sala, kopo ambalo Wabuddha hulizungusha wakisali. Ninyi hamna cha kuficha, kwa hiyo andikeni palepale uwandani, pamoja na mchoro.

Ramani iliyotokana na vipimo hivyo waliihitaji watawala wa kikoloni, na hilo tusilifiche. Lakini ustadi ulikuwa wake. Mwaka 1877 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku medali ya dhahabu, naye aliwafundisha wapimaji wengine kazi hiyohiyo ya hatua na nyota.