Maswali Yenu: Tumbili wa stima, rumba inayokatwa njiani na utani wa redio asubuhi

Wasomaji wetu, wiki hii barua karibu zote zimekuja na jambo moja, redio ya asubuhi, zile stori za ajabu na muziki na vicheko kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne, wakati nusu ya Nairobi iko kwa jam na nusu ingine bado inatafuta soksi ya mtoto. Kabla nianze kuandika ukurasa huu nilikuwa prodyuza wa kipindi cha asubuhi kwa hivyo haya mambo nayapenda sana na pale panapostahili nitaongea kwa kirefu.

SWALI: Dada, salamu kutoka Kayole. Niko na saluni na redio yangu haizimwi kutoka nikifungua mpaka nikifunga. Juzi watangazaji walisema eti kuna siku nyani alizima stima Kenya nzima. Wateja walicheka mpaka nikashindwa kuendelea kusuka, lakini jioni mzee wangu akaniambia hizo ni stori za kutunga ndio watu wasibadilishe stesheni. Tumebishana mpaka leo. Nani ako sawa?
Mama Saluni, Kayole

JIBU: Mama Saluni, hapo umemshinda baba watoto, na umwambie kwa upole. Ilikuwa Jumanne, tarehe 7 Juni 2016. Mnyama mwenyewe alikuwa tumbili, alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kile cha mto Tana, akaangukia transfoma ikajizima, mashine zingine pale zikalemewa nazo zikajizima, nchi ikapoteza zaidi ya megawati 180 kwa mpigo na stima ikapotea kote. Taarifa ilitolewa na KenGen wenyewe, ile kampuni ya kuzalisha umeme. Na tumbili alipona, akachukuliwa na watu wa KWS, wale wa wanyamapori.

Sasa hebu angalia kicheko kiko wapi hapo. Mtangazaji anayejua kazi yake haongezi hata neno, anaisoma vile ilivyo kwa ile sauti ya taarifa ya habari, transfoma, megawati, nchi nzima gizani, alafu mwenzake ambaye amenyamaza muda wote anauliza lile swali wewe kwa saluni unajiuliza, "Na tumbili je?" Anajibiwa, "Ako salama." Basi, hapo mji mzima umekwisha. Lakini aanze kuongeza chumvi, aseme eti tumbili alikuwa amevaa koti, eti alikuwa na wenzake kumi, utaskia kicheko kinapungua maanake msikilizaji sasa anajua anadanganywa, na mtu anayedanganywa saa moja asubuhi akiwa amechelewa kazi hana hamu ya kucheka.

Hata ile ya pete ya chuma ya Makueni ni ya kweli. Tarehe 30 Desemba 2024 kitu cha chuma chenye umbo la pete, upana kama mita 2.5 na uzito kama kilo 500, kilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaenda kukichukua likasema ni kipande cha roketi. Fikiria uko shambani unapalilia, alafu hiyo inashuka. Mtangazaji ataongeza nini hapo?

Mzee wako ako na haki ya kushuku lakini, na nitakwambia ni kwa nini. Stori za ajabu zinaingia studio kwa njia nyingi, mashirika ya habari, kesi za kortini, taarifa za polisi, na siku hizi hasa picha za simu zinazotumwa na wasikilizaji. Kazi ya prodyuza saa kumi na moja asubuhi ni kuuliza swali moja tu, nani amesema? Kuna mahali? Kuna tarehe? Kuna ofisi imethibitisha? Kama hakuna inatupwa, hata kama inachekesha aje. Ile stori ya wapenzi walionasana loji kwa sababu ya mganga mmeiskia wote, na kila ikirudi imebadilisha mji, leo Kitale kesho Machakos, na haiji na jina la loji wala la afisa wa polisi aliyeishughulikia. Ukiskia hiyo hewani jua hakuna mtu aliyeuliza chochote asubuhi hiyo. Na inauma kwa sababu mwanamke fulani kwa mtaa fulani ataanza kunyooshewa kidole eti ndio yeye.

SWALI: Naendesha matatu ya 58, Buruburu. Hawa watangazaji mbona wanaongea juu ya wimbo mpaka msanii anaanza kuimba, alafu wimbo ukifika mahali penyewe wanaukata? Abiria wanadhani ni mimi nimebadilisha, juzi mzee mmoja alinigombeza kutoka Jogoo Road mpaka tao.
Dere wa 58

JIBU: Dere, pole, na huyo mzee mwambie namuunga mkono.

Tuanze na kuongea juu ya wimbo. Ndani ya studio kuna skrini inaonyesha wimbo uliopangwa, na kando yake kuna sekunde zinazohesabu kurudi nyuma, kumi na nne, kumi na tatu, hadi pale sauti ya mwimbaji inapoingia. Mtangazaji anaiangalia hiyo huku anamalizia stori yake, na raha yake ni kufunga neno la mwisho pale pale mwimbaji anapofungua mdomo, bila pengo na bila kugongana. Ikifanywa vizuri hata huiskii, unaskia tu kipindi kinateleza. Shida ni pale wawili wanacheka, hakuna anayeangalia skrini, na ubeti wa kwanza wote unapita chini ya kelele. Hapo ni uzembe, na wakubwa wa vituo wanafaa kuwaambia.

Lakini kukatwa ndio jambo linalonichoma mimi. Nadhani mzee wako alikuwa anangojea sebene, ile sehemu ya magita ya kucheza, sivyo? Rumba imejengwa hivi, kwanza unaimbiwa polepole, mambo ya mapenzi na kuachwa, sauti mbili tatu zikishikana, alafu magita yanafunguka, solo inaanza kukimbia, ngoma inabadilika na watu wanainuka. Ule mwanzo wote ni wa kukupeleka pale. Benga nayo ni hivyo hivyo, gita na besi vinapandana mpaka mwisho. Ukikata kabla ya hapo umemnyima mtu kitu chenyewe alichokaa akingojea.

Na huu muziki una haki ya pekee hapa kwetu maanake Nairobi ilikuwa inaurekodi sana. Miaka ya 70 na 80 wanamuziki walitoka Zaire na Tanzania wakaja hapa, waanzilishi wa Simba Wanyika wakitoka Tanga, wa Les Mangelepa na Samba Mapangala wa Orchestra Virunga wakitoka Zaire, na River Road ikajaa maduka ya santuri. Zile sahani ndogo za 45 hazikuweza kubeba wimbo mzima, kwa hivyo wimbo uligawanywa, sehemu ya kwanza upande wa A, sehemu ya pili upande wa B, na mara nyingi magita makali yalikuwa huko B. Nyumbani mtu alikuwa anainuka anageuza sahani. Leo hakuna cha kugeuza, faili iko pale nzima, na bado tunasikizishwa upande wa A peke yake!

Sababu ni saa. Kati ya saa moja na saa mbili kuna habari, trafiki, matangazo ya biashara ambayo ndio mshahara, simu za wasikilizaji na stori zenyewe. Wimbo wa dakika nane unakula kipande chote. Nalielewa hilo, nimekaa kwa hicho kiti. Ninachosema ni kwamba kama huna dakika nane usiuanze, cheza wa dakika tatu mpaka mwisho wake, alafu huo mrefu uweke saa tatu na nusu jam ikiwa imepungua na uuachie upumue. Dere, wewe na wenzako ndio mnabeba wasikilizaji wengi wa asubuhi hii Nairobi. Tumeni meseji kwa kipindi, semeni tunataka ule wimbo na magita yake, mkituma wengi prodyuza ataona. Nilikuwa nazisoma zote.

SWALI: Watoto wangu wanaenda shule na van. Wiki jana huyu wa gredi ya tatu akaniuliza maana ya "mpango wa kando" mbele ya nyanya yake. Kumbe ndio mada ya redio saa moja kasoro. Nifanye nini?
Mama wawili, Umoja

JIBU: Mama, kwanza ongea na dereva wa van, leo, ndio njia ya haraka. Alafu ujue sheria iko upande wako. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinasema kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vituo visirushe mambo ya watu wazima maanake watoto wanaskiza. Andika jina la kituo, tarehe, saa na maneno yenyewe, peleka kituoni, wakinyamaza peleka kwa Mamlaka. Malalamiko yasiyo na saa na tarehe hayafiki mbali.

Watangazaji watasema bila hizo mada hakuna kicheko. Sikubali. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alianza kuuliza "Je, Huu ni Uungwana?" mwaka 1966 enzi za Sauti ya Kenya, na kwa miongo mingi alichekesha nyumba nzima, babu mpaka mjukuu, kwa kusimulia tu tabia zetu, mgeni anayekuja saa ya chakula, jirani anayeazima asirudishe. Ulikuwa unajiona humo, lakini jina lako halikutajwa. Siku hizi mtu anapigiwa simu hewani bila kuambiwa ako hewani, siri ya nyumba yake inamwagwa, na sisi tunacheka huku yeye kesho anaenda kazini na kila mtu ameskia. Mimi ningetaka aulizwe kwanza, akikataa ikatwe hapo hapo.

SWALI: Mimi na beshte yangu wa Dandora tunapenda mchongoano, kila mtu anatuambia tuende redio. Tuanzie wapi?
Wawili wa Dandora

JIBU: Vijana wangu, mchongoano, huo utani wa kurushiana maneno, ni shule nzuri ila una shida moja, kila mtu anangojea zamu yake ya kupiga. Redio inataka mmoja ashike usukani na mwingine achokoze, na wote waskizane. Angalieni wale waliofanikiwa, kila mmoja alikuja na chake. Gidi alitoka kwa muziki, kundi la Gidi Gidi Maji Maji, na Ghost Mulee akiwa kocha alikuwa amepeleka Harambee Stars, timu yetu ya taifa, kwa kombe la Afrika Tunisia 2004, kwa hivyo Radio Jambo ikawa na nyimbo na mpira kwa meza moja. Classic 105 Maina Kageni alikuwa analeta mada, Mwalimu King'ang'i, ambaye ni yule mchekeshaji Churchill, anaigeuza. Wewe unajua nini ambacho mwenzako hajui? Anzieni hapo.

Chukueni simu, mchague habari moja ya ajabu ya kweli, mrekodi dakika kumi alafu mskize ni mara ngapi mmekatizana. Rudieni. Muziki kwa mazoezi hauna shida, lakini siku mtaanza kurusha kwa umma ulizeni kwanza KECOBO, ofisi ya hakimiliki, ni chama gani kina leseni ya kukusanya pesa za wasanii mwaka huo, mlipe hicho.