91 si namba tasa, dada

Dada wa Jinja, pole. Unauliza kwa nini mwanao wa darasa la sita amekoseshwa alipoandika kuwa 91 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwalimu yuko sahihi: 7 × 13 = 91. Hata mimi iliwahi kuninasa.

Kwa namba yoyote kati ya 11 na 100, ajaribu kugawanya kwa 2, 3, 5 na 7 tu; isipogawanyika kwa yoyote kati ya hizo, ni tasa. Wengi huishia kwenye 5, wakanaswa! Ila asishuku kila namba. 97 ni tasa kweli.

Mpeleke sokoni pia. Machungwa yakipangwa 6 kwa 6 chini, juu yake 5 kwa 5, hadi moja kileleni, jumla ni 91. Akizidi kukwama kwenye 7, mwone mwalimu mapema, PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, ni mwakani.