Mtoto akianguka mwembeni usikimbilie kumkanda

Msimu wa maembe ukianza huku Ujiji na watoto wa kuteguka mikono nao wanaanza, na dawa inajulikana, maji ya moto na chumvi alafu anaitwa bibi wa jirani aje akande. Mimi kwa mtoto wa dada yangu nilikataa, dada akaninunia kweli.

Siku ukila supu ya mbuzi angalia mfupa wa paja. Kama mbuzi alikuwa mdogo kile kichwa cha mfupa kinachomoka chenyewe, ila beberu lililozeeka hata ulichemshe mpaka kesho hakitoki. Pale ndo mfupa unapokulia, kuna utepe wa gegedu (mfupa laini) unaotengeneza mfupa mpya, na sisi watu ni hivohivo, mifupa yetu mirefu ya mikono na miguu inarefukia huko nchani sio katikati. Wasichana utepe huo unafunga ukawa mfupa kwenye miaka 13 mpaka 15 hivi, wavulana wanachelewa kidogo.

Sasa gegedu hiyo ni dhaifu kuliko kano za maungio. Mtu mzima akiangukia kiganja anaweza kuteguka tu, mtoto akianguka vilevile kano zinaweza kuhimili alafu kinachoachia ni pale kwenye gegedu. Wa kwetu vidole alikuwa anachezesha vizuri tu, mkono haujapinda, uvimbe wa kawaida, lakini ukimbonyeza kwa kidole kimoja juu kidogo ya kifundo, upande wa dole gumba, anaruka. Nikakunja boksi nikamfunga nalo kuanzia kiganjani mpaka kiwiko, nikamning'iniza mkono kwa kanga, bodaboda, hospitali. Kwenye eksirei gegedu haionekani, kwa mtoto unaona kama ufa hata akiwa mzima, kwahiyo daktari akapiga na mkono wa pili alinganishe. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimesogea! Wakakirudisha, akafungwa hogo (plasta ngumu). Hebu fikiria hapo ndo pangekandwa.

Msisubiri kuona kama uvimbe utashuka. Mifupa ya watoto inaunga fasta, na ikishaanza kuunga vibaya kuja kuivuta baada ya wiki kunaweza kuua hiyo gegedu, mkono ukabaki mfupi au ukapinda. Gotini ndo muogope zaidi, maana karibu asilimia 70 ya urefu wa mfupa wa paja inatokea upande wa goti.

Akishafungwa hogo muangalie vidole. Vikiwa vya baridi, vimepauka, vina ganzi, au maumivu yanazidi japo kanywa dawa, mrudishe usiku huohuo (na vile vijiti vya kubana vya mafundi wa mtaani ni hivohivo, vikibana sana mkono unaoza). Chakula wala usihangaike, dagaa wetu na mifupa yao wanatosha kabisa.

Na hogo likitoka, mkiambiwa mrudi baada ya miezi kadhaa nendeni, mkono unapinda taratibu kadri anavyokua na wewe unayemuona kila siku huwezi kugundua.