Mkuu, gawa hicho chakula leo leo, mengine baadaye

Hapo ulipoandika kwamba mbwa uliyemchukua wiki iliyopita "nampa sufuria moja usiku, anaimaliza kabla sijafunga geti, kisha namfungulia akimbie uani", nimesimama kitini. Acha leo.

Mwaka juzi nilimchukua Simba kwa jamaa mmoja hapa Goba aliyekuwa anahama. Chotara wa German Shepherd, kifua kama pipa, mbavu unazihesabu. Alikotoka alikuwa anagombania chakula na wenzake wanne, kwa hiyo yeye hali chakula, anakimeza. Ugali wa dona na dagaa wa kushibisha watu watatu ulikuwa unakwisha nikiwa bado nimeshika mwiko. Nami nacheka, naita majirani waje waone. Nani alikuwa na akili hapo, mimi au mbwa, msinijibu.

Sasa mtaani kwetu kuna "mtaalamu", yule wa kutembea na mnyororo mkononi hata asipokuwa na mbwa. Akaniambia mbwa wa ulinzi analishwa mara moja tu, usiku, tena ashindiliwe, halafu akimbizwe ili chakula kishuke. Kishuke! Kwani gunia lile? Na elfu 20 ya ushauri nikampa.

Siku hiyo Simba alikula saa 1 jioni, nikamrushia mpira kama dakika 20. Saa 2 na nusu naona hatulii, anazunguka tu. Anakunja mgongo atapike, hakitoki kitu, mate yananing'inia mpaka chini. Nikamgonga tumbo kwa kidole, likalia kama ngoma. Nikampigia mtaalamu. "Gesi hiyo, mnyweshe mafuta ya kula." Saa nzima nikaipoteza na chupa ya alizeti, nguo zangu zimekunywa kuliko mbwa.

Kwa daktari wa mifugo tulifika saa 5. Akamchoma sindano nene ubavuni, hewa ikatoka kwa mlio. Tumbo lilikuwa limejaa gesi likajipinda, juu kumefungwa, chini kumefungwa, damu haipiti. Hapo ni kupasua tu. Akapasua. Laki 6 na nusu, na Simba hakuamka. Ndipo nikaambiwa wanaopatwa zaidi ni mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, wanaokula kwa pupa, mlo mmoja mkubwa kwa siku. Yaani kila kitu nilichouziwa kwa elfu 20.

Kwa hiyo gawa, mkuu. Chakula kile kile cha siku, mara 3. Akishakula apumzike saa nzima au zaidi, hakuna mpira. Na sufuria iondoe. Huyu wangu wa sasa anakula kwenye chuma cha vitumbua: ugali laini kidogo kila kishimo, analamba kimoja anahamia kingine. Ilikuwa sekunde 40, sasa dakika 8. Mke wangu kanunua chuma kipya na cha zamani hataki hata kukiona karibu na jiko lake. Huna chuma, tandaza kwenye sinia pana.

Uliuliza na dawa ya minyoo, na ile ya kunguruma mtu akipita anapokula. Minyoo kamwone daktari, ya kunguruma nitarudi nikipata nafasi. Leo umeshamlisha? Kama tayari, basi usimfungulie, na kabla hujalala nenda kamguse tumbo.