Waya wa Antena ya Risiva: Usikimbilie Mkasi

SWALI: Gari langu la rimoti ni la megahezi 27. Waya mwembamba unaotoka kwenye risiva (kifaa cha garini kinachopokea mawimbi ya rimoti) ulikuwa na urefu wa sentimita 48 hivi, ukiburuzika chini na kujizungusha kwenye ekseli. Niliukata, zikabaki sentimita 20. Sasa gari likifika mita 15 linaanza kushtuka-shtuka na magurudumu ya mbele yanajikunja yenyewe. Je, nikiunga waya wa mita nzima gari litafika mbali kuliko mwanzo?

JIBU: Halitafika. Rudisha zile sentimita 28, wala usizidishe.

Antena nzuri ya waya huwa na robo ya urefu wa wimbi la redio. Kuupata, gawanya 75 kwa megahezi zako. Jibu ni mita. Kwa megahezi 27 inatoka karibu mita 2.78, na hakuna gari la kuchezea litakaloburuza mkia huo. Kwa hiyo watengenezaji huweka waya mfupi, halafu upungufu wanaufidia kwa koili (waya uliozungushwa) na kapasita (kipande kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme) ndani ya risiva. Vipande hivyo vimerekebishwa waya ukiwa na urefu uleule uliotoka nao kiwandani. Ukiukata, mkao huo unahama: mawimbi ya rimoti yanaingia kidogo, ilhali kelele za umeme za mota, iliyo hapo hapo jirani, haziondoki. Ukiurefusha, mkao unahama vilevile, tena waya unakusanya kelele zaidi.

Kuunga ni kazi ndogo. Tafuta waya laini wa nyuzi nyingi, unene kama ule wa zamani. Menya milimita 5 kila upande, vika kipande cha mpira unaojibana kwa joto, sokota nyuzi, chomelea kwa risasi, kisha sogeza mpira ufunike kiungo. Usiishie kusokota tu, maana mtikisiko na kutu vitakilegeza na utaanza kutafuta ugonjwa upya. Pima kuanzia kwenye bodi ya risiva hadi nchani, sio kuanzia pale waya unapochomoza kwenye boksi.

Ili usiburuzike, upitishe ndani ya kijiti cha plastiki chenye tundu, kilichosimama wima. Unaobaki uache uning'inie juu, au uuzungushe kwa nje ya kijiti, mizunguko ikiachana. Wengi huukunja kama kitita cha kamba na kuufungia chini ya bodi ya gari. Hapo umetengeneza koili, na ni kama umeukata tu. Kuukunja mara mbili ukarudi sambamba na wenyewe nako hakufai. Uweke pia mbali na nyaya nene za betri na mota.

Kisha jaribu. Inua magurudumu yasiguse chini, ikunje antena ya rimoti, na mwenzako ashike gari huku wewe ukirudi nyuma hatua kwa hatua. Fanya hivyo mara mbili: kwanza ukigeuza usukani tu, kisha mota ikizunguka. Umbali ukipungua sana mota inapozunguka, antena haina kosa. Kama mota ni ya brashi, angalia kapasita zake: ziwe 3 za seramiki zenye alama 104, yaani mikrofaradi 0.1. Moja inaunganisha nguzo mbili za mota, na mbili zilizobaki, moja kwa kila nguzo, zinaenda hadi kwenye bati la mota. Likwangue kwanza kwa tupa, la sivyo risasi haitashika.

SWALI: Risiva yangu ni ya gigahezi 2.4. Ncha ya antena imeng'oka, imebaki milimita 12. Ninunue risiva nyingine?

JIBU: Bado. Tazama waya kwa karibu pale unapokuwa mnene. Ukiona wavu wa nyuzi chini ya ganda la nje, hiyo ni kebo ya koaksia, na inayopokea ni milimita 31 za mwisho tu. Sehemu nyingine inasafirisha. Basi menya ganda na wavu kurudi nyuma hadi ipatikane milimita 31 ya waya wa kati ukiwa na plastiki yake. Wembe usiuguse waya huo, na usiache hata unywele mmoja wa wavu ukiugusa, kwa sababu antena yote itakufa. Hapa pima kwa rula. Kosa la milimita 5, ambalo kwenye megahezi 27 hungeliona, hapa ni karibu sehemu moja ya sita ya antena nzima. Kama hakuna wavu, ni waya mtupu uliochomelewa kwenye bodi. Weka mwingine wa milimita 31. Risiva yenye antena mbili, zitenganishe kwa pembe ya digrii 90.

SWALI: Nyambizi yangu ya gigahezi 2.4 inapoteza rimoti mara tu inapozama. Niongeze antena kiasi gani?

JIBU: Hata kidogo. Maji hunyonya masafa hayo ndani ya sentimita chache. Hamia megahezi 27, 40 au 75, kulingana na yanayoruhusiwa nchini mwako, na uzamishe kwenye maji yasiyo na chumvi. Ya chumvi huyazima hata hayo. Ukitaka kubaki na 2.4, vuta kebo ya koaksia hadi kwenye kiboya kinachoelea, zile milimita 31 zisimame juu ya maji.