Maswali na majibu: Buffalo si kitongoji cha New York

Niliitaja Buffalo, mji wa Marekani, kwa sentensi mbili tu, barua zikamiminika. Nimechagua hizi. Zilizobaki zote zinauliza baridi yake ni nyuzi ngapi, na hizo sijibu.

Shangazi yangu yuko New York, nitamtembelea Juni. Naweza kwenda Buffalo asubuhi na kurudi jioni? (Msomaji, Morogoro)

Huwezi. Hii ni mara ya nne nalijibu swali hili. Kuna Jiji la New York na kuna Jimbo la New York. Buffalo imo ndani ya jimbo hilo, lakini ukingoni kabisa magharibi, kilomita kama 600 kwa barabara. Ng'ambo ya mto ni Kanada. Ramani ni bure, jamani.

Jina limetokana na nyati? (Msomaji, Tanga)

Limetokana na kijito, Buffalo Creek. Wapo wanaodai kijito nacho kilipata jina kwa Wafaransa waliosema "beau fleuve", mto mzuri, Waingereza wakalisikia vibaya. Hadithi tamu, ushahidi hamna. Na mnyama wa Marekani anayeitwa hivyo si nyati wetu hata kidogo.

Nimesoma kwamba mwaka 1900 Buffalo ilikuwa ya nane kwa ukubwa Marekani nzima. Mbona leo haisikiki? Theluji imewafukuza watu? (Msomaji, Nakuru)

Swali zuri lenye mkia mbovu. Tuanze na sehemu nzuri.

Desemba 1813 Buffalo ilikuwa kijiji tu, na Waingereza walikichoma moto. Miaka 12 baadaye, Oktoba 1825, ukafunguliwa Mfereji wa Erie, kilomita zaidi ya 580 kutoka Buffalo hadi Mto Hudson, na kwa mto huo hadi baharini. Ngano ya bara ikawa inakuja kwa meli za ziwani, inashushwa Buffalo, inapakiwa kwenye mashua zinazokokotwa na farasi na nyumbu. Buffalo ilikula pale pale mzigo ulipobadilisha chombo.

Mwanzoni ngano ilishushwa mgongoni, na makuli wengi walikuwa Waairishi. Ndipo mwaka 1842 mfanyabiashara Joseph Dart na fundi Robert Dunbar walipojenga ghala lenye mashine ya mvuke: mkanda wenye ndoo ndogondogo unateremshwa hadi tumboni mwa meli, unachota, unapandisha juu. Maghala ya zege yaliyokuja baadaye bado yamesimama kando ya Mto Buffalo, makubwa kama ngome, mengi matupu. Ukipita Mtaa wa Michigan siku ambayo kiwanda cha Cheerios, nafaka ya kifungua kinywa, kinaoka, hewa yote inanukia oti iliyookwa. Watu wa huko wameliandika hilo kwenye fulana na wanaringa nalo.

Sasa huo mkia. Mwaka 1950 Buffalo ilikuwa na watu 580,132. Kufikia 2020 walikuwa 278,349, na hata hao walikuwa wameongezeka kuliko sensa iliyotangulia, ongezeko la kwanza tangu 1950. Theluji ilikuwepo mji ulipopanda, ilikuwepo uliposhuka. Haina kesi ya kujibu. Mwaka 1959 ilifunguliwa njia ya maji ya Saint Lawrence, meli kubwa zikaweza kutoka Maziwa Makuu hadi Atlantiki bila kubisha hodi Buffalo. Mwaka 1983 kiwanda cha chuma cha Bethlehem, pale Lackawanna jirani, kikafunga sehemu kubwa ya kazi. Kilikuwa kimewahi kuajiri watu wapatao 20,000.

Hayo unaweza kuyaita mambo ya biashara. Lakini kuna walilojifanyia wenyewe. Upande wa mashariki kulikuwa na Humboldt Parkway, barabara pana yenye safu za miti, iliyochorwa na Frederick Law Olmsted, yuleyule aliyechora Central Park, bustani kubwa ya Jiji la New York. Familia za Weusi zilikuwa zinanunua nyumba kandokando yake. Kuanzia miaka ya 1950 jimbo likaing'oa miti, likachimba handaki la wazi na kupitisha barabara ya magari ya kasi, ili wanaoishi nje ya mji wafike ofisini mapema. Mtaa ukakatwa vipande viwili. Baadaye jimbo hilohilo likatangaza mpango wa kuifunika sehemu yake kwa zaidi ya dola bilioni 1, na mwaka 2024 baadhi ya wakazi wakaenda mahakamani kwa sababu hawaliamini tena. Mimi ningekuwa kule, nisingeliamini pia.

Toronto iko kaskazini zaidi. Kwa nini Buffalo ndiyo inayofukiwa? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu ya ziwa. Upepo baridi unapita juu ya Ziwa Erie kwa urefu wake, unabeba unyevu wa maji yenye vuguvugu, unafika mwisho wa ziwa na kuutua kama theluji. Mwisho wa ziwa ni Buffalo. Erie lina kina kifupi, likiganda, mgodi huo wa theluji unafungwa.

Ila Januari 1977 ziwa lilikuwa limeshaganda, na theluji nyingi imelala juu ya barafu. Upepo ukaizoa yote na kuimwaga mjini. Iliyoanguka kutoka mawinguni ilikuwa kidogo tu.

Krismasi ya 2022 ilikuwa mbaya zaidi kwa roho za watu: 47 walikufa katika Kaunti ya Erie, ambamo Buffalo imo. Marufuku ya kuendesha magari ilianza saa tatu na nusu asubuhi ya Desemba 23, wengi wakiwa tayari kazini au njiani. Utabiri ulikuwepo siku kadhaa kabla. Msinitajie theluji.

Rais gani aliuawa huko? (Msomaji, Kisumu)

William McKinley. Alipigwa risasi Septemba 6, 1901 kwenye maonyesho makubwa yaliyometameta kwa umeme wa maporomoko ya Niagara, akafa Septemba 14. Chumba alichofanyiwa upasuaji kilikuwa na mwanga hafifu hata wakaakisi jua kwa kioo, na mashine ya eksirei iliyokuwa maonyeshoni haikutumika. Theodore Roosevelt aliapishwa kwenye nyumba ya rafiki, mjini hapohapo.

Kuna Waswahili? (Msomaji, Bukavu)

Wapo wanaozungumza Kiswahili, hasa wakimbizi kutoka Kongo, wengi upande wa magharibi wa mji. Wageni kama hao na Wabangladeshi ndio waliochangia lile ongezeko la 2020.

Ni kweli nyumba inauzwa dola 1? Nimtumie dalali pesa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usitume hata shilingi. Mpango wa halmashauri upo kweli, lakini ni kwa nyumba mbovu katika maeneo maalumu. Unaonyesha kwanza kwamba una pesa za ukarabati, unarekebisha kila kasoro, na unaishi humo mwenyewe angalau miaka 3. Dalali anayekuuzia ukiwa Sinza anakuuzia hewa.

Na kwa ndugu ambao tayari wamepanga huko: nyumba nyingi zilijengwa kabla ya 1978, mwaka ambao rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku. Angalieni kizingiti cha dirisha, pale linaposuguana likifunguliwa. Yale magamba ya rangi mtoto akiyatia mdomoni yanamharibu akili. Mpelekeni akapimwe damu, hata kama mwenye nyumba anacheka.

Mbona hujawahi kuandika kuhusu Bills, timu ya Buffalo ya futiboli ya Kimarekani? (Msomaji, Mombasa)

Fainali nne mfululizo, 1991 hadi 1994, na zote walifungwa. Ya kwanza kwa pointi 1.