Maswali ya Wasomaji: Maketi ya Mtaa Uliozikwa na Lava

Wasomaji wanne wametuandikia kuhusu maketi, yaani mifano midogo ya majengo, zinazoonyesha mji baada ya maangamizi. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu swali lake linagusa karibu kila kitu ambacho wengine wameuliza.

Swali: *Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sekondari na ninaishi Himbi, hapa Goma. Ninataka kutengeneza maketi ya mtaa wetu kama utakavyokuwa miaka 30 baada ya volkeno kuuzika na watu kuuhama kabisa. Nimekata katoni, nimezitoboa, nimezichoma pembeni kwa kiberiti na kuzipaka rangi nyeusi, lakini kila anayeiona kazi yangu ananiuliza kama ni jalala. Sina fedha za kuagiza vifaa kutoka nje. Nianzie wapi?*

Jibu: Mwanangu, wanaokuuliza kama ni jalala wamekusaidia kuliko unavyodhani. Takataka hazionyeshi zilikuwa nini wala ni kitu gani kilichozivunja, lakini nyumba iliyobomoka bado ni nyumba, na anayeitazama anapaswa kuona mlango ulikuwa wapi, paa liliegemea wapi na ni sehemu gani iliyotangulia kuanguka. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza utamchosha mtu mwenye haraka: jenga nyumba nzima, yenye kuta zilizonyooka, fremu za madirisha, kenchi na mabati yaliyopangwa, kisha uibomoe kwa utaratibu uleule ambao lava, moto na mvua vingeufuata.

Chagua kipimo kabla ya kushika kisu, na usikibadilishe. Kwa nyumba moja au mbili ninapendekeza 1:35, yaani sentimita 1 ya maketi ni sentimita 35 za kweli, kipimo ambacho watengenezaji wengi wa maketi duniani hukitumia, maana kwa kipimo hicho mtu mzima ana urefu wa sentimita 5, mlango wa mita 2 na sentimita 10 unakuwa sentimita 6 kamili, na tofali la saruji la sentimita 40 kwa 20 linakuwa la milimita 11 kwa 6 hivi. Ubao wa chini wa sentimita 40 kwa 30 utabeba kiwanja cha mita 14 kwa 10 na nusu, yaani nyumba moja, sehemu ya ua na kipande cha barabara. Hiyo inatosha. Anayeanza akitaka kuonyesha mtaa mzima huishia na masanduku mengi yasiyo na milango.

Sasa tuje kwenye lava, ambayo wewe mkazi wa Goma una fursa ya kuijua kuliko mtengenezaji wa Ulaya anayeitazama katika picha. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaharibu kanisa kuu la Wakatoliki na kufika Ziwa Kivu. Waulize wakubwa wako waliyoyaona, kisha uyapime kwa rula. Tuseme barabara yako ilijaa lava ya kina cha mita 2. Kwa kipimo chako hizo ni sentimita 5 na milimita 7, na mlango wako una sentimita 6, basi kinachobaki juu ya mwamba ni ufa wa milimita 3 chini ya linta. Milimita hizo tatu zitamweleza mtazamaji mengi kuliko rangi yote nyeusi uliyomwaga. Kumbuka pia kwamba lava haisimami mlangoni. Huingia ndani na kujaa vyumbani, na upande inakotokea hujikusanya ukutani juu kidogo kuliko upande wa pili. Mlango wenyewe, ukiwa wa mbao, hautakuwepo tena.

Usitumie mawe halisi ya lava kwa haraka, ingawa yamejaa kila kona ya mji wetu. Tundu la milimita 5 kwenye jiwe litaonekana katika maketi kama pango la sentimita 17 na nusu, na jicho litakataa mara moja. Chonga kwanza umbo la mtiririko kwa katoni zilizopangwa juu kwa juu au kwa frigoliti, lile povu gumu jeupe linalofungiwa vyombo vya umeme vipya. Kisha changanya plasta, gundi nyeupe ya mbao na mchanga mweusi uliouchekecha kwa kitambaa cha neti, uupake unene wa milimita chache. Unapoanza kushika, weka juu yake kipande cha mfuko wa plastiki na uusukume polepole kuelekea mteremko, upate mikunjo kama utando wa uji unaopoa. Pale inapokutana na ukuta iache iwe na ufa mdogo, kwa sababu mwamba hujikunyata unapopoa. Rangi yake isiwe nyeusi tupu. Anza na kijivu kizito chenye kahawia kidogo, kisha chovya brashi katika kijivu cheupe zaidi, uifute kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, na uipitishe juu ya vilele vya mikunjo peke yake.

Baada ya lava unafuata moto. Nyumba ya mbao huungua yote, ila ukuta wa mawe au wa tofali husimama, na paa huanguka ndani kwa kuwa kenchi zimeungua chini yake. Masizi hupanda, hivyo weusi uwe juu ya madirisha, wala si chini yake. Mvua za miaka 30 zitakuwa zimeosha sehemu kubwa ya masizi hayo kwenye kuta zilizo wazi, zikiyaacha kwenye pembe zilizofichika. Hapa ndipo wengi hupotea: wanaonyesha siku ya maafa na miaka iliyofuata kwa wakati mmoja, moshi bado mpya na miti tayari mikubwa. Paka rangi kwa mfuatano wa historia ya nyumba yako. Itangulie rangi ya ukuta ilipokuwa na watu, ifuate ya moto, halafu ya maji, na mwisho kabisa majani.

Mabati yanastahili jioni nzima. Mikunjo ya bati la kawaida imeachana takriban milimita 76, yaani zaidi kidogo ya milimita 2 katika maketi yako, na bahati nzuri parafujo nene ya milimita 16 ina meno yaliyoachana milimita 2 kamili. Chukua ile karatasi ya alumini inayoziba mdomo wa kopo la maziwa ya unga, iweke juu ya kipande cha ndala kuukuu, kisha viringisha parafujo juu yake kwa kuikandamiza. Mistari itatoka imeinama kidogo sana, nawe utainyoosha unapokata. Kata vipande vya sentimita 8 na nusu kwa 2 na nusu, uvipachike kimoja kimoja, kila kimoja kikilalia jirani yake. Alumini haipati kutu nyekundu, kwa hiyo kutu utaipaka, na bati halianzi kuoza katikati. Huanzia kwenye matundu ya misumari, kwenye kingo zilizokatwa na pale mabati yanapolaliana, ambako maji hukaa. Nukta ndogo ya rangi ya chungwa katika kila tundu, na mchirizi mwembamba wa kahawia kuteremka kutoka hapo, ndiyo kazi nzima.

Kwa zege iliyovunjika usichonge ufa kwa kisu. Mimina plasta juu ya kioo ikiwa na unene wa milimita 5, ukilaza ndani yake nyuzi za shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme ziwe nondo, kwa maana nondo ya milimita 12 inakuwa theluthi moja tu ya milimita. Ikikauka ivunje kwa mikono. Katika zege halisi nondo ikiota kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani, kwa hiyo nyufa zako zifuate mistari ya nondo na ziwe na madoa ya kahawia.

Majani nayo yawe ya kwetu. Picha nyingi za miji iliyohamwa zinatoka mbali: Pripyat nchini Ukraine, ambao watu wake waliondolewa tarehe 27 Aprili 1986, umemezwa na miti ya nchi za baridi, na Kolmanskop nchini Namibia, uliohamwa kabisa mwaka 1956, una vyumba vilivyojaa mchanga wa jangwa. Zisome picha hizo ujue kuta huangukaje, lakini usiige rangi zake. Juu ya lava ya milima yetu ya Virunga hutangulia likeni ya kijivu, ile inayoota kama nywele fupi juu ya jiwe, ndipo jamii ya kangaga, kisha vichaka. Unga wa mbao uliochujwa vizuri na kutiwa rangi ya kijivu chenye kijani kidogo utakufaa kwa likeni, majani ya chai yaliyokaushwa ni takataka nzuri ya chini ya miti, na mizizi myembamba ya nyasi ni matawi tayari. Kwenye udongo ambao lava haikuufikia panda matete na mgomba mmoja. Ili vitu hivi vishike, nyunyizia gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu pamoja na tone la sabuni ya maji, ambalo huifanya gundi ipenye badala ya kusimama juu kama shanga.

Kuhusu fedha, usione haya. Bodys Isek Kingelez, Mkongomani aliyefanyia kazi Kinshasa na kufariki mwaka 2015, alijenga miji mizima kwa karatasi, katoni na vifungashio vya dukani, na mwaka 2018 jumba la sanaa la MoMA mjini New York lilimfanyia maonyesho makubwa. Miji yake inang'aa na haina hata ufa, lakini tazama jinsi alivyozikata pembe zake kwa usafi, kwani usafi huohuo unauhitaji kabla ya kubomoa.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Mwaka 2002 wakazi wa Goma walianza kurudi baada ya siku chache, mawe yakiwa bado ya moto, wakajenga upya juu yake. Mtaa wako hauna mtu kwa miaka 30, basi mtazamaji atataka kujua kwa nini. Amua sababu, na uweke kitu kimoja kinachoidokeza. Mimi ningeweka chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, la urefu wa sentimita 6, limepakiwa mabidoni ya njano ya sentimita moja hivi, likiwa limeachwa juu ya lava na wala si chini yake. Mtu alirudi, kisha akaondoka tena.

Swali: *Mimi ni fundi wa mapambo ya harusi mjini Bukavu. Nilijenga ghorofa lililobomoka kwa frigoliti, nikalipulizia rangi ya kopo, nalo likayeyuka mbele ya macho yangu. Je, nibadilishe frigoliti au rangi?*

Jibu: Dada, badilisha rangi, na frigoliti usiibadilishe, ila iwekee ngozi kwanza. Vimiminika vinavyoyeyusha rangi ndani ya kopo huyeyusha na frigoliti pia. Ipake gundi nyeupe mara mbili, kila mara ukiiacha ikauke, na uzibe hasa kingo zilizokatwa, halafu tumia rangi ya maji kwa brashi. Ukitaka kukata frigoliti kwa waya wa moto, fanyia kazi hiyo nje, kwa sababu moshi wake unadhuru mapafu. Na ghorofa lililoyeyuka usilitupe: lipake rangi ya zege, liweke nyuma kabisa ya maketi, utaona linafaa kuwa jengo lililoungua.

Swali: *Familia yetu ilipoteza nyumba mwaka 2002 hapa Goma. Kijana wangu anajenga maketi ya aina hii, nami sijui kama nimkataze. Si kuchezea msiba wa watu?*

Jibu: Mama, pole kwa nyumba hiyo. Nisingemkataza, lakini ningemwekea masharti mawili: asiweke miili ya watu, na asijenge nyumba inayotambulikana ya jirani bila kumwomba ruhusa. Mwambie pia aanze na nyumba yenu mliyoipoteza, wewe ukimwelekeza jiko lilikuwa upande gani na mlango ulifunguka wapi. Kama kuikumbuka kunakuumiza, mwambie hivyo waziwazi, naye achague nyumba ya kubuni.

Swali: *Ninafundisha uchoraji Lubumbashi. Wanafunzi wangu wanataka kuonyesha bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na kile kilima cheusi kando yake, karne moja baada ya mji kuhamwa. Tutumie kipimo gani?*

Jibu: Mwalimu mwenzangu, 1:35 haiwezekani: bomba hilo lina takriban mita 150, nanyi mngelazimika kujenga mnara wa zaidi ya mita 4 darasani. Kwa 1:500 linakuwa la sentimita 30, nanyi mnaweza kulitengeneza kwa karatasi ngumu iliyokunjwa iwe nyembamba juu. Kwa kipimo hicho mtu ni milimita 3 na nusu, kwa hiyo msipoteze muda kwenye madirisha, bali mfanye kazi kwenye umbo na rangi. Kilima hicho ni mabaki ya kuyeyusha shaba, kazi iliyoanza mjini mwaka 1911, na mabaki hayo hayaozi kama udongo. Hata baada ya karne kibaki cheusi, mimea ikiwa michache kwenye makorongo ambako mvua imekusanya vumbi. Pembeni mwake pawe na udongo mwekundu, na vumbi lake lipande kidogo kwenye kuta zote. Kama bomba litakuwa limevunjika, lianguke upande mmoja, vipande vyake vikiwa vimelala kwa mfuatano kutoka kwenye shina hadi ncha. Hesabuni urefu wa vipande pamoja na kisiki kilichosimama, vikaribie sentimita 30.